Siku Arobaini na Moja

Ofisi ya wakili iko Majengo, juu ya duka la vitenge,
ngazi kumi na tisa. Nilizihesabu,
siku hizi nahesabu kila kitu.
Nikaweka mezani kauntabuku yenye doa la zambarau:
kreti mia nne na themanini za zabibu za Hombolo,
shilingi milioni tisa na laki mbili,
na kila ukurasa sahihi yake yenye mkia mrefu.
Imepokelewa. N. Chipanha.

Zabibu huoza siku ya tatu.
Deni, nilidhani, halina mdudu.
"Si wanasema jinai haiozi?"
Wakili Zaituni, binti wa Kondoa, sauti ndogo, kalamu nene,
akafunua kitabu kwa kidole kilicholowa mate:
"Jinai, mama. Deni linaoza.
Miaka sita. Hili lako limebakiza siku arobaini na moja."

Miaka hiyo yote nimekunywa chai ya Ijumaa.
Njoo Ijumaa, Mama Nyemo, hela iko njiani.
Ijumaa ya mashine mbovu.
Ijumaa ya msiba wa shemeji,
shemeji ambaye nilimkuta Sabasaba akichagua karanga.
Na mimi wakulima wangu niliwalipa.
Niliuza kiwanja cha Nala, kabla Nala haijawa Nala,
nikampelekea Mzee Mbijili hela yake mkononi;
akaihesabu mara mbili, hakunipa pole,
sikuitaka.

Zaituni akanitandazia njia kama mitumba sokoni.
Barua ya madai kwanza, siku kumi na nne,
maana hakimu hupenda kusikia ulibisha hodi.
Asipoitika, Mahakama ya Mwanzo,
wewe na kitabu chako na doa lako.
"Ukishinda, ndipo kazi inapoanza.
Hukumu isiyokaziwa ni ng'ombe wa kwenye kalenda,
humkamui."
Basi dalali wa mahakama abandike karatasi kwenye mapipa yake,
"au tuombe awe mfungwa wa madai,
ila chakula chake gerezani utalipia wewe."

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka.
Amekula zabibu, amekula kiwanja,
sasa nimsongee na ugali!

Akaningoja nifute machozi.
"Kuna na jambo dogo," akasema.
"Akiandika kwa mkono wake kwamba anadaiwa,
miaka inaanza kuhesabiwa upya."

Kizota, saa nane mchana, upepo unachapa mabati kwa vumbi.
Chipanha yule yule: tumbo mbele,
tabasamu mbele ya tumbo.
"Mbukwa, mama!" Akavuta kiti, akazibua chupa,
akanimiminia nyekundu, rangi ya doa langu.
Nikampa barua. Akaisoma midomo ikicheza.
Sikulia, sikugomba. Nilisema tu,
"Wakili anauliza utalipa lini. Niandikie hapo chini,
kichwa changu kimezeeka."

Akashika kalamu kwa ukarimu
wa mtu anayetoa kisichomgharimu:
*Deni la milioni tisa na laki mbili nalitambua.
Nitalipa Ijumaa.*
Tarehe. Sahihi,
mkia mrefu kuliko yote ya kauntabuku.

Divai sikuigusa.
Nilikunja karatasi mara mbili, nikaitia kifuani,
pale pale ilipokaa hela ya kiwanja,
nikapanda bodaboda, mchanga ukilia menoni.
Senti moja sina bado.
Nauli yenyewe nilimwomba kijana anisubiri hadi dukani,
naye akaniangalia
kama ninavyomwangalia Chipanha.
Nikamlipa na mia tano ya juu.

Lakini deni langu lina umri wa saa moja.
Linanyonya.
Jumatatu nitalibeba mgongoni hadi mahakamani.
Ijumaa, chai anywe mwenyewe.